Wendell Cleophus Stallworth, Msugua Gambuti wa Bustani ya Swickard

11 Februari 1946 – 4 Aprili 2023

Wasifu uliosomwa na mpwa wake, Odessa Pruitt, kwa niaba ya familia, katika Kanisa la Kibaptisti la Mlima Gilboa, Toledo, Ohio, Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023

Wasifu wa marehemu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza ulikuwa mfupi na mtamu: alizaliwa, akafanya kazi, akawapenda watoto na bustani, akaenda kwa Bwana. Mjane wake, Bi. Ernestine, alisomewa jikoni huku akimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

Akaambiwa ni mumewe.

"Mume wangu simwoni humo. Nendeni mkaandike tena, na aibu yake muiweke. Ameibeba miaka yote hii bila kumpa mtu amshikie hata kamba. Leo mnataka kumfukia nayo kimyakimya kama vile tumeiba jeneza?"

Basi huu ndio wa pili. Wanaopenda mazishi ya sukari watuvumilie. Chakula kiko ukumbi wa chini, na hakitapoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1946 huko Beatrice, Alabama, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Amos Stallworth na marehemu Bi. Arzula. Mwaka 1953 Mzee Amos alipata kazi ya kuyeyusha chuma hapa Toledo, akawaita mkewe na watoto. Walikuja kwa treni, na kuku wa kukaanga kwenye kiboksi cha viatu. Dada yake anayemfuata, Bi. Verlene, bado anasimulia Pasaka yao ya kwanza mjini. Watoto wa kanisa walitumwa kutafuta mayai ya rangi yaliyofichwa kwenye nyasi. Verlene akazunguka weee, asipate hata moja, akaanza kulia. Kaka mtu akatoa mayai matatu kwenye kikapu chake, akayaficha nyuma ya ngazi, kisha akamwita, "Hebu tazama na huku, labda." Verlene akayapata, akaruka kama mbuzi. Mama yao aliona yote dirishani, akasema mtoto yule ana roho ya malaika, na kila mtu akaitikia. Bi. Verlene mwenyewe anasema, "Malaika wapi! Mpaka leo sijui kutafuta kitu. Hata miwani natafutiwa."

Alisoma Shule ya Msingi ya Mtaa wa Pomeroy, kisha sekondari hadi darasa la kumi. Mwaka 1963 mgongo wa baba yake uliumia kazini, ikabidi aache shule asaidie nyumbani. Alimalizia masomo kwa madarasa ya jioni mwaka 1974, akiwa tayari baba wa watoto wawili. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini walimu walimpenda, maana alijua kuusoma uso wa mtu mzima na kumpa kile alichokuwa anangojea. Kipaji hicho kilimfikisha mbali. Kilimfikisha mbali kuliko alikopaswa kufika.

Tarehe 20 Juni 1970, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Bi. Ernestine Crume. Walikutana kwenye kwaya. Bi. Ernestine anasema, "Sauti hakuwa nayo kabisa. Lakini alikuwa anafungua mdomo kwa wakati, na suti ilimkaa." Walijaliwa watoto wawili, Lemuel na Rochelle. Aliwalea vizuri, hakuwapiga, na hakuwahi kusahau siku ya kuzaliwa ya mtu.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha vioo tangu mwaka 1964 hadi kilipofungwa mwaka 1996. Mwaka uliofuata aliajiriwa Bustani ya Swickard, hapa hapa mtaani kwetu, kukata nyasi na kuokota takataka. Huko, mwanamume aliyekuwa ameishi miaka thelathini na zaidi ndani ya joto la tanuru akagundua kwamba nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu kuna msitu, na ndani ya msitu kuna dimbwi. Theluji ikiyeyuka dimbwi linajaa, na ikifika Agosti linakauka. Mvua ya kwanza ya uvuguvugu ikinyesha mwezi Machi, wanatoka ardhini salamanda, viumbe wenye umbo la mjusi na ngozi laini ya chura, weusi tii wenye madoa ya njano, wanatembea kwenda majini kutaga. Mwaka mzima hawaonekani. Wanaonekana siku chache tu, na usipokuwapo basi tena.

Marehemu alirudi nyumbani siku aliyowaona mara ya kwanza, suruali imelowa mpaka magotini, akamwambia mkewe, "Ernestine, miaka yote tumekaa hapa, na wale jamaa walikuwa chini ya miguu yetu."

"Jamaa gani?"

"Wenye madoa."

"Wendell, nenda kavue viatu."

Alijiandikisha kwenye mafunzo ya waongoza watoto, akapata cheti, Bi. Ernestine akakiweka kwenye fremu sebuleni juu ya televisheni. Kuanzia mwaka 2000 akawa kiongozi wa Jumamosi za Machipuko. Kila Jumamosi ya Machi na Aprili watoto wa mitaa hii, ambao wengine hawakuwahi kukanyaga udongo usio wa chungu cha maua, waliingia msituni wameshika kamba moja ndefu ili asipotee mtu. Marehemu mbele, kofia ya kijani kichwani. Aliwafundisha kulowesha mikono kabla ya kumgusa salamanda, maana ngozi yake ndiyo pua yake. Aliwafundisha kugeuza gogo pole pole na kulirudisha lilivyokuwa. "Hii ni nyumba ya mtu," alikuwa anasema. "Ukifungua mlango, funga." Watu wazima kadhaa waliomo humu leo walimshika salamanda wao wa kwanza kwenye mkono wa marehemu. Hapo alikuwa msema kweli, na salamanda walikuwa wa Mungu. Hilo liwekwe wazi, maana kinachofuata hakifanani nalo.

Machipuko ya mwaka 2006 yalikuja makavu. Theluji ilikuwa kidogo, mvua ikachelewa, dimbwi likawa tope. Jumamosi mbili mfululizo watoto waligeuza magogo wakakuta minyoo. Jumamosi ya pili mtoto mmoja wa shule ya Pomeroy alimtazama marehemu usoni akamwambia, "Ulisema wapo." Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema hivyo tu, akaenda kukaa ndani ya basi. Marehemu alisimulia baadaye kwamba angepigwa kofi asingeumia vile.

Jumamosi ya tatu, alfajiri, alipitia duka la chambo lililoko barabara ya kwenda mto Maumee. Machi ndiyo wakati samaki wanapanda mto, na duka lilikuwa limejaa wanaume wenye macho mekundu na kahawa mkononi. Karibu na mlango palikuwa na beseni la salamanda wa kuvulia, wanaoletwa kwa malori kutoka majimbo ya magharibi. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko wetu, na madoa yao yalikuwa kama mistari. Lakini yalikuwa ya njano.

"Unavulia nini hawa, babu?" muuzaji akamwuliza.

"Watoto," akajibu marehemu, na duka zima likacheka.

Akawaweka chini ya magogo kabla basi halijafika. Siku ile kila mtoto alipata. Walipiga kelele mpaka walinzi wa uwanja wa mpira wakaja kuangalia. Yule mtoto wa "Ulisema wapo" alimshika wake kwa viganja viwili, akampa jina, akaomba msamaha.

Mtu akiombwa msamaha namna hiyo kwa uongo wake mwenyewe, ama anatubu palepale ama anaendelea. Marehemu aliendelea. Machipuko sita, hata yale yenye mvua nzuri, maana sasa sifa zilikuwa zimeenea: nenda Swickard, kwa Bwana Wendell hakuna mtoto anayetoka mikono mitupu. Shule zikagombania nafasi. Gazeti likampiga picha. Kwaya nzima ilijua habari zake, kwa sababu Bi. Ernestine hakuwaacha wapumue. Kila Jumamosi alfajiri mume alitoka, akamwambia mkewe anakwenda kusikiliza ndege, na mke akamfungia mkate na nyama kwenye karatasi. Bi. Ernestine ameomba lisomwe hivi hivi: alikuwa anamfungia mkate.

Mwezi Mei 2011 watoto wa salamanda wakaanza kuelea dimbwini, tumbo juu, na vidonda vyekundu kwenye ngozi. Halafu vyura. Halafu wakubwa wenyewe, wale wa Mungu, wakaonekana wamekufa ukingoni. Bi. Joyce Hruska, mtaalamu wa wanyama wa bustani, alipeleka wachache wakapimwe, akarudi na jibu.

"Ni virusi," akasema. "Vinakuja na salamanda wa chambo. Kuna mtu amemwaga ndoo yake humu."

Marehemu alikuwa amesimama karibu naye, kofia mkononi. Akasema, "Nani angeweza kufanya kitu kama hicho?"

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Hatuna maneno mengine ya kuweka hapo.

Kisha akafanya vibaya zaidi. Aliandika kibao kwa mkono wake: ALIYEMWAGA CHAMBO HAPA, MUNGU ANAMJUA. Akawakusanya watoto, akawalisha kiapo cha kulinda dimbwi. Na kwa kuwa watu wakishaambiwa yupo mwovu huwa hawalali mpaka wampate, mtaa ukaanza kutazama ni nani mvuvi, ni nani ana ndoo, ni nani anaegesha gari lake karibu na msitu. Wakampata Shemasi Hollis Mayfield, rafiki wa marehemu tangu kiwandani.

Shemasi Hollis alikuwa akikaanga samaki wa sherehe ya kanisa kila mwaka kabla hata ya mchungaji huyu kuja. Mwaka ule akina mama wa jikoni walimnyang'anya mwiko. Tunawaona mnavyotazama sakafu, akina mama, na inafaa. Mmoja wenu alimwambia, "Shemasi, hatuwezi kula samaki wa mkono ule." Alivua aproni akaikunja, akaenda kukaa ndani ya gari lake, na sherehe ikaendelea. Marehemu alikuwapo. Alikula vipande vitatu.

Hollis alikwenda kwake jioni ile. Walisimama barazani.

"Stallworth, wewe unanijua. Nimewahi kumwaga chambo popote mimi? Chambo changu nakijua mpaka kwa majina."

"Najua, ndugu yangu."

"Basi waambie. Wewe wanakusikiliza."

"Yatapoa, Hollis. Wape muda."

Alimpa kiti na soda ya tangawizi. Alimwona akishuka ngazi, na akafunga mlango. Mwaka mzima hakusema. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa ile ya kijani yenye nembo ya bustani.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Aprili 2012. Dimbwi lilikuwa limezungushiwa uzio, lakini matembezi yaliendelea upande wa pili wa msitu. Keziah, mjukuu wa Shemasi Hollis, alikuwa na miaka tisa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuja. Kamba ilipotolewa, watoto walishika, ila pale Keziah aliposhika wengine waliachia. Akasogea mbele, na kule nako wakaachia.

"Nyie vipi?" marehemu akauliza.

"Babu yake ndiye aliyeua salamanda," akasema msichana mmoja. "Na sisi tumeapa."

"Hajaua!" Keziah akasema.

"Ameua! Kila mtu anajua. Mama yangu amesema hata samaki wake hawaliwi."

"Hajaua! Bwana Wendell, waambie!"

Wote wakageuka wakamtazama. Mwalimu wao naye. Marehemu alisema baadaye kwamba alitafuta neno la kuwatuliza, kama alivyokuwa analipata siku zote, na hakulikuta.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Salamanda wa chambo, niliwaleta mimi. Nilikuwa nawanunua, nawaweka chini ya magogo kabla hamjafika. Ndio walioleta maradhi. Babu yake Keziah hana kosa lolote."

Kisha mvulana mmoja mkubwa, ambaye alikuwa anakuja tangu akiwa chekechea, akauliza, "Hata yule wangu? Yule niliyempata mwenyewe?"

"Hata huyo."

"Ulimnunua?"

"Nilimnunua."

"Wote?"

"Wote wa miaka ile, mwanangu."

Mvulana akafikiri. "Kwa hiyo mimi sijawahi kupata kitu," akasema. Akaachia kamba, akatembea kurudi langoni peke yake.

Keziah ndiye aliyebaki ameshika. Yeye hakumwambia marehemu kitu, si asante wala si pole. Alikuwa anamtazama tu, na marehemu akamwambia mwalimu awarudishe watoto kwenye basi.

Nyumbani, Bi. Ernestine alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Akauliza kitu kimoja. "Na mimi nilikuwa nakufungia mkate?" Kisha akateremsha cheti ukutani, akakilaza kifudifudi juu ya friji. Kipo huko mpaka leo. Miezi miwili alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, yeye ambaye hakuwa ameweka chambo popote. Watoto wao waliulizwa kazini na majirani. Mmoja wa wajukuu alibadilishwa shule. Lililovunda halina ubani, na familia hii ilijaribu kila ubani uliopo: alikuwa amechoka, alikuwa anawapenda watoto mno, hakujua kuhusu virusi. Kweli, kuhusu virusi hakujua. Kuhusu Hollis alijua.

Jumapili iliyofuata siku ile ya msituni, marehemu alisimama mbele ya kanisa, hapa hapa lilipo jeneza lake, akasema yote tena. Baadhi ya watu walilia. Mzee mmoja alianza kupiga makofi, kama tunavyowapigia wanaorudi kundini. Shemasi Hollis alinyanyuka kutoka benchi la tatu.

"Kaa chini, Stallworth. Umenichelewesha mwaka mzima, na sasa unataka upigiwe makofi?"

Makofi yakakatika. Marehemu akaketi. Alisema hiyo ndiyo ilikuwa hukumu pekee iliyomwingia mpaka kwenye mfupa, na hakuwahi kuilalamikia.

Bustani ilimwondoa kwenye uongozi wa watoto, na haki ilikuwa yao. Jumamosi za Machipuko zilifungwa. Zilipofunguliwa tena mwaka 2014, Bi. Joyce aliweka sharti kwamba hakuna kiatu kitakachoingia msituni au kutoka bila kusuguliwa kwa maji ya klorini, maana maradhi yale yanasafiri kwenye tope. Ilitakiwa apatikane mtu wa kukaa langoni na ndoo. Vijana waliitwa, wakasema mikono yao itachubuka. Marehemu akaenda ofisini kwa Bi. Joyce, akasimama mlangoni.

"Nipe ndoo," akasema.

"Mzee Wendell, ukikaa pale watu watakusema."

"Ndiyo. Na mimi nitakuwa nimeinama, watanisema vizuri."

Machipuko tisa, tangu mwaka ule mpaka 2022, alipiga magoti langoni kwenye kipande cha godoro, akasugua gambuti za watoto moja moja, kwenye nyayo na kwenye mifereji yake yote. Mtoto akiuliza kwa nini wanaoshwa, hakusema "ni utaratibu." Alisema, "Kwa sababu mimi nilileta wagonjwa ndani ya nyumba ya watu, nikawaua wenye nyumba." Wengine walicheka wakidhani ni hadithi. Wazazi wengine waliwavuta watoto wao kwa mkono. Yeye alisema hivyo hivyo kwa kila mmoja, na familia inakiri kwamba tulimwomba aache. Tulimwambia imetosha, baba, wengi wameshasahau. Alijibu, "Wamesahau kwa sababu mnawasaidia."

Shemasi Hollis alikuja mwaka wa tatu. Alivaa gambuti zake za kuvulia, zimefika mapajani, zimejaa tope la mto mzima. Alinyoosha mguu mmoja bila salamu.

"Sugua vizuri hizo. Ni za muuaji."

Marehemu akasugua. Ilichukua muda mrefu, na foleni ya watoto ilikuwa imesimama nyuma yao inatazama. Alipomaliza, Hollis aligeuza nyayo akakagua.

"Kisigino umeruka," akasema.

Marehemu akarudia kisigino.

Katika miaka hiyo yote hamu yake ilikuwa moja, na kila mtu nyumbani aliijua: mtoto mmoja ageuze gogo amkute salamanda mwenye madoa ambaye hakuna mtu aliyemweka. Mmoja tu. Hawakurudi. Vyura walirudi, minyoo haikuwahi kuondoka, lakini chini ya magogo hapakuwa na madoa.

Jumamosi tarehe 23 Aprili 2022 mtoto wa darasa la kwanza, Breelyn, alitoka msituni akilia. Alikuwa amevaa koti jipya kwa ajili ya salamanda. Kijana aliyekuwa kiongozi wa siku hiyo akamwinamia, akaanza, "Usilie, mama, wakati mwingine uta..."

"Usimwahidi," marehemu akasema toka chini, brashi mkononi.

Mama wa mtoto akakunja uso. "Yaani tumepanda mabasi mawili kuja huku, hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Zamani nilikuwa nawapa watu salamanda. Siku hizi nawapa viatu safi."

Akamwinua mtoto, akamketisha kwenye benchi, akaketi kando yake. Mfukoni alikuwa na peremende. Kila mtu wa kanisa hili anajua mfuko ule haukuwahi kuwa mtupu. Mkono wake ukaenda mfukoni. Bi. Ernestine, ambaye miaka ya mwisho alikuwa akija naye kushika taulo, aliuona mkono ule ukiingia, ukakaa humo, ukatoka mtupu.

"Salamanda hawapo," akamwambia mtoto. "Na mimi nimesikitika."

Mtoto akaendelea kulia. Marehemu hakuondoka, wala hakumnyamazisha. Walikaa hivyo mpaka mtoto alipochoka kulia mwenyewe. Akajifuta pua kwa koti jipya na kuuliza kama minyoo nayo inapumua kwa ngozi. Marehemu akamwambia ndiyo. Mtoto akataka kurudi kuitazama. Basi mzee akapiga magoti, akazisugua gambuti zake upya.

Mwezi Novemba mwaka huo huo alianza kuvimba miguu. Madaktari walisema moyo umechoka na figo zinaufuata. Alilazwa mara tatu. Alikuwa mgonjwa mpole, ila alikataa kuambiwa kwamba anaonekana vizuri. Mwuguzi mmoja alimwambia hivyo asubuhi, akamjibu, "Binti yangu, kioo ninacho."

Jumatano tarehe 29 Machi 2023 Bi. Joyce Hruska alikuja hospitalini moja kwa moja kutoka msituni, nywele zimelowa. Chumbani walikuwamo Bi. Ernestine na Shemasi Hollis, ambaye alikuja kila Jumatano kumsomea matokeo ya mpira wa kikapu na kuizomea timu yake.

"Mzee Wendell," Bi. Joyce akasema, "dimbwini kuna mayai. Ya wenye madoa. Nimeyaona mwenyewe."

Bi. Ernestine alishika mdomo. Hollis akavua miwani. Marehemu akauliza, "Una hakika hakuna mtu aliyeyaweka?"

Bi. Joyce alivuta kiti, akaketi.

"Mji mzima unajua naumwa," akasema. "Watu wana huruma. Mtu anaweza kwenda na ndoo. Anioneshe nifurahi kabla sijafa." Akageuza macho. "Hollis?"

"Usinitazame mimi," Hollis akasema. "Mara ya kwanza nilisingiziwa bure, ya pili sitaki kabisa. Halafu goti langu hili litanifikisha kule?"

Marehemu alicheka, akakohoa, kisha akamrudia Bi. Joyce. "Una hakika?"

Bi. Joyce angeweza kusema ndiyo. Marehemu alikuwa mtu wa kufa, na ndiyo ingemtosha. "Hapana, mzee," akasema. "Sina hakika. Nitangoja. Wakirudi miaka mitatu, minne, ndipo nitasema."

"Mimi sina miaka hiyo."

"Huna, mzee."

"Waliokufa walikufa mara moja, shaka ndiyo imebaki," akasema marehemu. "Hili ndilo nililolifanya. Hata wakija wa kweli, hamwezi kuwaamini." Akafumba macho. Baadaye akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Bi. Joyce uliokuwa bado na tope chini ya kucha, akasema, "Asante kwa kutonipa."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Aprili 2023 alasiri, mkewe akiwa kushoto na binti yake kulia, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Hakujua kama mayai yale yaliwekwa na mtu. Na sisi hatujui.

Ameacha mjane, Bi. Ernestine, watoto wawili, Lemuel na Rochelle, wajukuu watano na kitukuu mmoja, dada yake, Bi. Verlene, na wapwa wengi. Ameacha pia Shemasi Hollis Mayfield, mmoja wa wabeba jeneza, ambaye ameomba aandikwe "rafiki" wala si "aliyemsamehe," kwa kuwa hilo la pili bado analifanyia kazi, na Keziah Mayfield, mjukuu wake, aliyekuja leo kutoka chuoni bila kuitwa.

Jumamosi ijayo matembezi ya machipuko yanaendelea kama kawaida. Bi. Ernestine atakuwa langoni na ndoo, na anahitaji mikono. Tunajua mlivyompenda. Tunajua pia duka la chambo bado liko wazi. Basi tunawasihi, ninyi nyote mliowahi kufurahishwa naye: msimwekee kitu chochote dimbwini. Acheni kilichomo kiwe ndicho kilichomo, hata kama ni maji matupu.

Apumzike kwa amani.